WAYA MMOJA, NYUMBA NYINGI
Historia Fupi ya Mawasiliano ya Pamoja Katika Kambi ya Dzaleka



Kamati iliponiomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, wengi walitegemea nitaandika juu ya shule, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Historia ya shule wapo wanaoijua kuliko mimi, maana walikuwepo darasa la kwanza lilipofunguliwa. Mimi nimechagua jambo linalotugombanisha karibu kila mwezi katika mistari ya nyumba zetu: waya wa televisheni unaopita juu ya mapaa, na intaneti ya kuchangia.

Huenda mtu akasema hilo ni jambo dogo, halifai kuwekwa pamoja na habari za vita, safari na njaa. Namwomba asome mpaka mwisho. Hoja yangu ni moja tu. Katika miaka zaidi ya 30 ya kambi hii, vitu tunavyotumia kwa pamoja vimedumu pale palipokuwa na mtunzaji anayejulikana, daftari linalosomwa mbele ya watu, na jina linalokubalika kwa mwenye huduma. Kilipokosekana kimojawapo, huduma ilikufa, hata kama fundi alikuwa hodari na fedha zilikuwepo.

MAHALI PALIPOJENGWA KUKATA MAWASILIANO

Tunajua sote kwamba kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda walifungwa hapa wapinzani wa kisiasa, wengi wao bila kufikishwa mahakamani. Jina lenyewe la Kichewa lina maana ya mtu anayesema hatarudia tena. Gereza la namna hiyo lilikusudiwa kumtenga mtu na watu wake, asipate habari na wala habari zake zisitoke. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na redio ya serikali, na haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1999.

Mwaka 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua mfumo wa vyama vingi, na Mei 1994 ukafanyika uchaguzi. Mwaka huo huo eneo hili, lililo wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 50 kutoka Lilongwe, likafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Malawi ilikuwa na uzoefu wa kupokea wageni: mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliwahifadhi ndugu wa Msumbiji zaidi ya milioni moja. Walipokuwa wakirudi kwao, sisi wa Maziwa Makuu tukaanza kufika: Warundi baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, Wanyarwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na Wakongo baada ya vita vya 1996 na 1998. Wakazi wakapewa mitaa yenye majina ya Malawi: Kawale na Likuni kama ilivyo Lilongwe, tena Zomba, Blantyre na Karonga.

Kambi ilitengenezwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi 50,000. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, maana kila waya, kila bomba na kila darasa hapa hubeba mzigo mara nne ya ule uliokusudiwa.

REDIO MOJA, MASIKIO MENGI

Mimi nilifika mwaka 2013, kijana aliyetoka chuo cha ualimu na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki. Habari za miaka ya mwanzo nimezipata kwa wazee.

Wanasema chombo cha kwanza cha pamoja kilikuwa redio. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, ambamo yalisomwa majina ya watu waliopotezana. Redio zilikuwa chache na betri zilikuwa ghali. Kwa hiyo watu kumi, kumi na watano, walikaa kuizunguka redio moja. Kila mmoja alisikiliza akingoja jina lake au la mtoto wake. Pamoja na redio zilikuwepo barua za Msalaba Mwekundu, karatasi iliyo wazi isiyo na bahasha, iliyoandikwa habari za familia tu, ambayo iliweza kuchukua miezi kufika.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alinieleza utaratibu wa betri. Kila msikilizaji alitoa senti kidogo kwa wiki. Mwenye redio hakuzishika fedha hizo. Zilishikwa na mama mmoja aliyeaminiwa. Siku betri zilipokwisha, mama yule alitaja mbele ya wote nani ametoa na nani bado. Nilipomwuliza kwa nini hawakumwachia mwenye redio, mzee alicheka: "Mwalimu, mwenye redio akishika na fedha za betri, redio inakuwa mfalme."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi katika miaka iliyofuata.

DISHI NA RIMOTI

Simu za mkononi ziliingia Malawi pole pole. Kampuni ya TNM ilianza 1995, na Celtel, ambayo tangu 2010 inaitwa Airtel, ilianza 1999. Baadaye yakaja madishi. Kwanza yalikuwa katika vibanda vya video, ambapo mtu alilipa kiingilio na kuketi juu ya ubao. Wengi hapa waliangalia Kombe la Dunia la 2010, lililochezwa Afrika Kusini, katika vibanda hivyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa waya wa mstari. Jirani mmoja ananunua dishi na dekoda. Wenzake wanampa kitu kila mwezi, naye anavuta waya kutoka kwake hadi kwao, nyumba kwa nyumba. Tusidanganyane: mkataba wa huduma hizo kwa kawaida ni wa nyumba moja, na kuusambaza ni kuuvunja. Naandika historia, na historia ni yale yaliyotokea.

Watu wa nchi tajiri wanaotuona na waya hizo hudhani ni vurugu za kambini. Lakini televisheni ya waya duniani ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1948 katika mji wa Mahanoy City, jimbo la Pennsylvania, Marekani, milima ilizuia mawimbi ya televisheni. Muuza vyombo vya umeme aitwaye John Walson anasemekana kuwa aliweka antena juu ya mlima na kuteremsha waya hadi dukani kwake, akiwaunganisha wakazi waliokuwa njiani. Katika miaka hiyo hiyo, mjini Astoria, jimbo la Oregon, Ed Parsons aliweka antena juu ya hoteli na kuwagawia majirani. Nchini India, baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, vijana wenye madishi walivuta waya juu ya mapaa ya mitaa mizima, na sheria ya kuwasimamia ikatungwa mwaka 1995. Kwa hiyo ujirani ulitangulia, na kampuni na sheria zilifuata baadaye.

Waya wa mstari wetu ulikuwa na matatizo mawili. La kwanza lilikuwa la ufundi. Kila unapoligawa wimbi la waya pande mbili, kila upande hupata chini ya nusu ya nguvu iliyoingia. Nyumba ya kwanza iliona picha safi, ya nane iliona theluji. Viungo vilifungwa kwa kusokota na kuzungushiwa plastiki, na masika yalipofika maji yaliingia. Nyumba zote hizo zililipa sawa.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Dekoda moja hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja. Anachotazama mwenye dekoda ndicho kinachotazamwa na mstari mzima. Tarehe 2 Julai 2018 Ubelgiji ilicheza na Japani katika Kombe la Dunia. Sisi Wakongo tulikuwa upande wa Ubelgiji kwa sababu ya Lukaku. Japani waliongoza mabao mawili, Ubelgiji wakarudisha yote mawili, na mstari wetu ulikuwa ukipiga kelele mpaka mtaa wa pili. Ilipofika dakika ya tisini, picha ikabadilika katika nyumba zote nane kwa pamoja. Mtoto wa mwenye dekoda alikuwa amekalia rimoti, ikaja filamu ya mapenzi. Mpaka ilipopatikana tena, Chadli alikwisha kufunga bao la tatu na mchezo ulikuwa umekwisha.

Tulicheka kwa muda wa wiki moja. Lakini mwezi uliofuata nyumba tatu zilikataa kulipa, na mwezi wa pili nyumba nyingine mbili. Mwenye dekoda naye aliona amedharauliwa, akakata waya. Hapo hapakuwa na mwizi wala mtu mbaya. Palikuwa na rimoti moja na watu wanane walioamini kuwa ni yao.

INTANETI YAINGIA KAMBINI

Historia ya intaneti hapa ilianza kwa masomo. Mwaka 2010 Shirika la Wajesuiti la Huduma kwa Wakimbizi, JRS, pamoja na mpango ulioitwa JC:HEM, walileta hapa masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti. Kambi nyingine ya kwanza katika mpango huo ilikuwa Kakuma nchini Kenya, na kundi la tatu lilikuwa Aleppo nchini Syria. Diploma ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, na wahitimu wa kwanza wa Dzaleka walivaa majoho mwaka 2013, mwaka ule niliofika. Niliwaona wakipita barabarani kwa miguu, na vumbi likiwafuata. Mkimbizi anayesoma chuo kikuu bila kutoka kambini lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Msomaji anayetaka kujua kwa nini intaneti yetu ni ghali na hukatika, aangalie ramani. Malawi haina bahari. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa ile ya SEACOM na 2010 kwa ile ya EASSy. Ili kuzifikia, Malawi hupitia kwa majirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika katika bahari ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kutoka Tanzania hadi Malawi. Siku ile majirani walinijia wakidai kwamba kijana fundi wa mstari ameiba bando. Kosa lilikuwa chini ya bahari, mwendo wa maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Liko pia suala la umeme. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na nchi ikapoteza zaidi ya megawati 120. Kwa miezi mingi baada ya hapo giza lilikuwa kawaida, na mtambo wa intaneti usio na betri haukuwa na faida. Iko na fedha: kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 mwaka 2022 na kwa asilimia 44 Novemba 2023. Aidha, mwaka 2023 Serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi mijini na vijijini warudi kambini, na familia nyingi zilizokuwa na maduka Lilongwe zikaja kukaa kwa ndugu zao. Nyumba iliyokuwa na simu mbili ikawa na simu saba, kwenye mtambo ule ule.

Mstari wetu ulianza kuchangia intaneti mwaka 2020, wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Tulikuwa nyumba 18. Kila nyumba ilitoa kwacha 3,000 kwa mwezi, tukachukua mtambo wa kampuni moja ya Lilongwe. Mkataba uliandikwa kwa jina la jirani yetu mmoja aliyekuwa na duka mjini na karatasi ambazo kampuni ilizikubali. Hatukuona ubaya. Mimi nilichaguliwa kushika daftari.

Magomvi yalianza mwezi wa pili. Huduma ilikuwa na kipimo, na kipimo kikipita spidi hushushwa mpaka mwisho wa mwezi. Vijana walipakua filamu usiku kucha, na tarehe 10 mwanafunzi alishindwa kufungua ukurasa mmoja wa somo. Nyumba moja ilitoa namba ya siri kwa binamu wa mtaa wa pili, binamu akawapa rafiki zake. Bei ilipopanda tukafika kwacha 5,000, na waliolipa wakashuka kutoka 18 hadi 11. Wale saba wasiolipa waliendelea kutumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia jirani aliyemwazima chumvi jana.

SIKU KUMI NA TISA

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike makala haya.

Novemba 2024 jirani yetu mwenye jina kwenye mkataba alipata safari ya kwenda Kanada na familia yake, baada ya kungoja miaka mingi. Tulifanya sherehe. Tulipika wali na nyama, tukaomba, tukalia. Katika furaha ile hakuna aliyeuliza mkataba utakuwaje. Mimi niliyeshika daftari ndiye niliyepaswa kuuliza, na sikuuliza. Kosa lilikuwa langu, naliandika hapa ili liwe kwenye kumbukumbu.

Mwanzoni mwa Februari 2025 kampuni ilihitaji mteja ahakikishe upya taarifa zake. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa ujumbe ulikwenda kwenye laini ya mtu aliyekuwa Kanada. Tarehe 6 huduma ikafungwa. Niliomba kibali, nikapanda basi dogo hadi Lilongwe nikiwa na risiti zote za miaka mitano. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Aliziangalia risiti, akasema: "Mwalimu, naona mmelipa. Lakini wewe si mteja." Nilimweleza kuwa wateja ni nyumba 18. Akaniambia kompyuta yake ina nafasi ya jina moja.

Wasomaji wanakumbuka Februari ile ilikuwa na nini. Goma ilikwisha kuanguka mwishoni mwa Januari. Katikati ya Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu. Nusu ya mstari wetu wana watu Kivu ya Kusini. Dada yangu mkubwa yuko Kadutu, ndani ya Bukavu, na watoto wanne.

Tulinunua mabando madogo ya simu, kila mtu kwa uwezo wake. Dakika za kupiga Kongo zilikwisha kabla mtu hajamaliza salamu. Ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye simu bila kufunguka. Usiku watu walipanda mwinuko wenye mtandao mzuri, wakasimama gizani wakiinua simu juu. Niliwaona wazee waliokaa kuizunguka redio mwaka 1994 wakifanya kazi ile ile, kungoja jina. Tofauti ilikuwa kwamba redio yao ilikuwa na betri.

Nilirudi Lilongwe mara ya pili, nikaambiwa mteja aje mwenyewe au alete barua. Jirani yetu alituma barua yenye saini na nakala ya kitambulisho, nikaipeleka mara ya tatu. Tarehe 25 huduma ikafunguliwa. Simu yangu ikapokea ujumbe 17 kwa wakati mmoja, wote wa dada, wa kwanza ukiwa wa siku tisa nyuma. Katika ule wa nne alikuwa akiniuliza avuke kuelekea Uvira au abaki. Katika ule wa kumi na moja alisema ameamua kubaki kwa sababu hakupata jibu langu.

Dada yangu yuko hai, na watoto wake. Nashukuru Mungu. Lakini aliniuliza mimi, kaka yake aliyesoma, na mimi sikujibu, kwa sababu ya mstari mmoja katika fomu. Jirani yetu wa nyumba ya sita hakuwa na bahati hiyo. Habari za msiba wa baba yake alizipata baada ya mazishi, pamoja na picha za kaburi.

WENGINE WALIFANYAJE

Baada ya siku zile nilianza kutafuta jinsi watu wa hali yetu walivyofanya. Nilipata mifano mitatu ya karibu.

Dadaab, Kenya, mwaka 2012 mashirika yaliunganisha ofisi zao kwa mtandao mmoja wa kasi badala ya kila shirika kulipia satelaiti yake. Hata mashirika makubwa, basi, yaliona gharama ya kila mtu kuwa na dishi lake, yakaamua kuchangia.

Kisiwani Idjwi, katika ziwa Kivu, mwaka 2016 uliwashwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net, wenye umeme wa jua, na mwami wa kisiwa alishiriki katika kuuleta. Watu walijua ni wa nani na aulizwe nani.

Kakuma, mkimbizi Mkongo Innocent Tshilombo alianzisha Kakuma Ventures, ambayo iliweka vituo vya intaneti vinavyotumia jua, na wakimbizi wenyewe waliviendesha kama biashara. Pale anayetumia hulipa, na anayelipwa hurekebisha.

Njia hizi tatu ni tofauti: mashirika, jamii na biashara. Zinafanana katika kitu kimoja: mtunzaji anajulikana na ana jina. Nasi hapa tunao mfano wetu wenyewe, hatuna haja ya kusafiri. Tazameni bomba la maji. Lina kamati, lina mwenye ufunguo, lina saa zake. Watu hugombana pale kila siku, na bado maji yanatoka. Tena tunayo desturi ya kuchangiana fedha: Wakongo tunaita likelemba, Warundi ikirimba, Wanyarwanda ikimina, na wenyeji wetu Wamalawi wana banki nkhonde. Mama wa kambi hii asiyejua kusoma anaweza kukutajia kwa kichwa nani alipokea mwezi wa Machi. Elimu hiyo tulikuwa nayo muda wote, ila hatukuitumia kwenye waya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari peke yake halitoshi. Kampuni haikulisoma daftari langu.

TULIYOYAFANYA

Machi 2025 mstari wetu ulikaa kikao, wanaume na wanawake, chini ya mwembe. Kikao kilichukua saa nne. Nayaandika tuliyokubaliana ili mistari mingine iyatazame na kuyarekebisha kwa hali yao.

Kwanza, kazi ziligawanywa kwa watu watatu: mmoja anashika fedha, mmoja anashika daftari, mmoja anashika mtambo na namba ya siri. Hakuna anayeshika viwili.

Pili, mkataba umeandikwa upya kwa jina la mwalimu mwenzetu Mmalawi aliyekubali kutusaidia, na jina la pili la mawasiliano ni la mmoja wetu. Yako makubaliano ya maandishi kati yake na mstari, na nakala moja iko kwa Kamati. Mtu yeyote kati yao akipata safari, jambo la kwanza ni kubadili jina, na sherehe baadaye.

Tatu, saa zimepangwa. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku ni za wanafunzi. Filamu na mpira wa kupakua ni baada ya saa 4 usiku. Siku ya vita au msiba mkubwa nyumbani, saa zote ni za wenye jamaa huko.

Nne, namba ya siri hubadilishwa tarehe mosi ya kila mwezi, baada ya daftari kusomwa kwa sauti.

Tano, nyumba mbili za wazee hazilipi. Hapo awali hawakulipa pia, lakini ilikuwa siri na watu walinung'unika. Sasa imeandikwa, na hakuna anayenung'unika.

Sita, kila nyumba hutoa kwacha 500 za akiba. Lengo ni kuwa na malipo ya mwezi mmoja mbele wakati wote. Hatujafika, tuna nusu.

Matatizo hayakwisha. Mwezi uliopita tulikuwa na ugomvi juu ya kijana aliyepakua filamu saa 1 jioni. Lakini waliolipa wamerudi kuwa 16, na kijana yule alihukumiwa na kikao, hakukatiwa waya na mtu mmoja mwenye hasira.

OMBI KWA WANAOTUHUDUMIA

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, sijaandika haya kwa kulalamika. Tunajua chakula na dawa vinatangulia, na tunajua fedha zimepungua. Ombi letu halihitaji fedha nyingi. Kundi la majirani lenye kikao, daftari na viongozi waliochaguliwa lipewe barua ya utambulisho ambayo kampuni ya Lilongwe inaweza kuiheshimu, kama kundi. Mkimbizi anaweza kuondoka wakati wowote, kwa safari, kwa kurudi nyumbani au kwa kifo. Kundi hubaki. Mkataba unaotegemea mtu mmoja kambini umejengwa juu ya mtu ambaye matumaini yake yote ni kuondoka.

Na mnapopanga ramani ya bomba jipya au darasa jipya, mtuulize pia waya utapita wapi. Tutajibu, kwa kuwa sasa tunaye wa kuulizwa.

Nanyi wakazi wenzangu, mstari usio na daftari uanze wiki hii, na aliye na mkataba kwa jina la mtu aliyesafiri aende akaubadilishe kabla ya kuombwa. Mahali hapa palijengwa ili mtu asiwafikie watu wake. Zaidi ya miaka 30 tumekuwa tukifanya kinyume chake, kwa redio, kwa barua, kwa simu na kwa waya. Dada yangu ananipigia kila Jumapili saa 3 usiku, baada ya saa za wanafunzi. Jumapili iliyopita aliniuliza kama mtambo wetu uko salama. Nilimwambia daftari linasomwa.